Kyoto, Mji Mkuu wa Kale: Somo la Paa na Ndoo ya Maji



Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa nyumbani, akiniuliza kwa upole lakini kwa uwazi: habari za safari za nchi za mbali zina faida gani katika ukurasa ambao kazi yake ni kuzungumzia mapishi, malezi na usafi wa nyumba? Swali lake ni la haki, na si vema lipite bila jawabu. Leo nitamjibu kwa kumsimulia habari za mji mmoja wa Asia ambao ulinifanya nirudi kwetu na kulitazama jiko la mama yangu kwa macho mengine. Mji huo ni Kyoto, nchini Japani.

Mwaka 2019 ofisi yangu ilinipeleka Osaka kwa mafunzo ya majuma sita juu ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali. Kabla sijaondoka, kaka yangu mkubwa alikuwa ameitisha kikao cha ukoo. Shauri lilikuwa moja tu: nyumba ya marehemu babu yetu, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, ibomolewe na mahali pake pajengwe nyumba ya matofali na bati. Kaka alikuwa na sababu zake, wala hazikuwa za kipuuzi. Paa lilikuwa likivuja. Nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zimekuwa adimu. Zaidi ya hayo, mwaka uliotangulia cheche za jikoni zilirukia ukingo wa paa hilo, na watoto walikuwa wamelala ndani. Jirani ndiye aliyeuona moshi.

Mama hakutaka nyumba ibomolewe, ila hakuwa na hoja ya kumshinda kaka. Alinishika mkono akasema, “Nenda salama, mwanangu. Ukirudi tutaamua.” Nikaondoka na neno hilo kifuani.

MJI ULIOPANGWA KAMA DAFTARI

Kutoka Osaka hadi Kyoto ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari moshi la haraka. Nilikwenda huko mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 2 Novemba. Siku hiyo Wajapani wengi walikuwa katika majonzi, kwa sababu siku mbili tu kabla yake, usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 31 Oktoba, jumba la kale la wafalme wa Ryukyu liitwalo Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, lilikuwa limeteketea kwa moto. Jumba hilo liliharibiwa katika vita mwaka 1945, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1992, na sasa lilikuwa limeungua tena. Ndani ya gari moshi abiria walikuwa wakitazama picha za moto huo magazetini na katika simu zao, kimya kabisa. Nami nilikumbuka moto wa kwetu, ambao nitaueleza mbele.

Kyoto ulianzishwa mwaka 794, wakati Mfalme Kanmu alipouhamishia makao yake na kuuita Heian-kyo, yaani mji mkuu wa amani na utulivu. Mji huo ulipangwa kwa kuiga Chang'an, mji mkuu wa Uchina wa zama hizo: barabara zimenyooka kutoka kaskazini hadi kusini, nyingine zinazikata kutoka mashariki hadi magharibi, mithili ya mistari ya daftari la hesabu. Milima inauzunguka pande tatu, na mto Kamo unapita katikati ya mitaa. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wafalme wa Japani walikaa hapo, hata pale ambapo nguvu halisi za utawala zilikuwa mikononi mwa majemadari wakuu walioitwa shogun. Ni baada ya mapinduzi ya mwaka 1868 ndipo Mfalme Meiji alipohamia Tokyo.

Msomaji asidhani kwamba mji huu umedumu kwa sababu ulikuwa na bahati ya kutoguswa. Majengo yake ni ya mbao, na mbao ni chakula cha moto. Vita vya Onin, vilivyopiganwa tangu mwaka 1467 hadi 1477, viliuteketeza sehemu kubwa. Mioto ya jikoni, radi na fitina za wakubwa vikamaliza yaliyobaki, mara kwa mara, karne baada ya karne.

Hata mwaka 1945 mji ulinusurika kwa tundu la sindano. Wakuu wa jeshi la Marekani walikuwa wameuweka Kyoto katika orodha ya miji ya kupigwa kwa bomu la atomiki. Waziri wao wa vita, Henry Stimson, ambaye aliwahi kuuzuru mji huo, alikataa na kushikilia kwamba uondolewe katika orodha. Ukaondolewa. Lakini tusishangilie upesi: katika orodha hiyo uliingizwa Nagasaki, na watu wa Nagasaki ndio waliokufa. Nilipokuwa nikitembea katika mitaa mizuri ya Kyoto sikuweza kulisahau jambo hilo.

ADABU YA MGENI

Kabla ya kuingia popote, yafaa mgeni ajue kwamba mahali pa ibada ni pa namna mbili. Pako mahekalu ya dini ya Budha, na pako mahali patakatifu pa Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Pa Shinto hutambulikana kwa lango liitwalo torii, nguzo mbili zilizosimama na boriti mbili juu yake. Karibu na mlango pana birika la maji na kata zenye mipini mirefu: mtu hunawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua kinywa. Mbele ya madhabahu ya Shinto aghalabu watu huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama mara moja. Katika hekalu la Budha hapana makofi. Mtu huunganisha viganja tu na kuinamisha kichwa. Na katika majumba mengi viatu huvuliwa mlangoni, navyo hupangwa vizuri. Sisi tuliolelewa kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa wazee hatukuona ugeni wowote katika hilo.

Mashuhuri kuliko mahali pote pa Shinto mjini humo ni Fushimi Inari, kusini mwa mji, ambapo maelfu ya milango myekundu ya torii imesimamishwa kwa kufuatana kupanda mlima, hata mtu hutembea kama aliye ndani ya handaki jekundu. Inari ni mungu wa mpunga na mafanikio, na milango hiyo imetolewa na wafanyabiashara na watu wengine kama nadhiri au shukrani. Mbao zake huoza, huondolewa, nazo mpya husimamishwa. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba watu hawa wana maoni yao wenyewe juu ya neno “kale”.

KIYOMIZU: JENGO CHINI YA MAJUKWAA

Nilikuwa nimetamani sana kuliona hekalu la Kiyomizu, lililo juu ya kilima cha mashariki. Lilianzishwa mwaka 778, kabla hata ya mji wenyewe. Ukumbi wake mkuu una baraza kubwa ya mbao iliyochomoza juu ya bonde kwa kimo cha meta 13 hivi, ikishikiliwa na nguzo nene na boriti zilizopenyezwa katika matundu yaliyochongwa, bila kutumia misumari ya chuma. Wajapani wana msemo kwamba fulani “ameruka kutoka baraza ya Kiyomizu”, yaani amekata shauri kubwa lisilo na kurudi nyuma.

Nilipofika nikavunjika moyo. Jengo zima lilikuwa limefunikwa kwa majukwaa ya magogo na paa la muda. Matengenezo makubwa yalikuwa yakiendelea, na paa lilikuwa likiezekwa upya kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 hivi. Nikajiona mtu mwenye mkosi: nimetoka Afrika Mashariki hadi Japani, nikaja kuona magogo!

Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni kwa kujitolea, na ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu kama changu, aliuona uso wangu akacheka. Akaniambia kwamba mimi ndiye mwenye bahati, kwa kuwa jengo lililokamilika nitaliona katika kadi za posta siku yoyote, lakini kazi ya kulikamilisha huonekana mara moja katika nusu karne.

Akanieleza. Paa la Kiyomizu haliezekwi kwa vigae wala nyasi, bali kwa magome ya mti uitwao hinoki, wa jamii ya miberoshi. Magome hukatwa vipande vyembamba, hupangwa tabaka juu ya tabaka, na kupigiliwa kwa vijiti vidogo vya mwanzi ambavyo fundi huviweka kinywani na kuvitoa kimoja kimoja kwa ulimi. Magome hayo hubanduliwa katika miti iliyo hai, kwa ustadi, bila kuiua. Baada ya miaka 8 hadi 10 mti huwa umeota gome jingine, nalo laweza kubanduliwa tena.

Nilimwambia kwamba kwetu Uganda tunao mti uitwao mutuba, ambao gome lake hubanduliwa na kupondwa kuwa kitambaa cha olubugo, nao mti huo hufungwa majani ya migomba na kuvaa gome jipya. Mzee alinitaka nirudie maneno hayo mara mbili, kisha akayaandika katika kijitabu chake. Huenda msomaji anajua kwamba ustadi wa kutengeneza kitambaa hicho umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, tangu mwaka 2008. Na ujuzi wa Wajapani wa kutunza majengo ya mbao, pamoja na uezekaji huu wa magome, uliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2020.

Nikamuuliza jengo hilo lina umri gani. Jawabu lake lilinifungua macho. Hekalu lina zaidi ya miaka 1,200, lakini limeungua mara nyingi, na ukumbi ninaouona ulijengwa mwaka 1633. Nguzo zake ni za mti wa keyaki. Nazo zitakapochoka? Hekalu limekwisha kupanda milimani miti ya aina hiyo kwa ajili ya matengenezo ya karne zijazo. Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri. Mtu anayepanda mti leo ili uwe nguzo baada ya miaka mia kadhaa hafanyi hivyo kwa ajili ya macho yake mwenyewe.

KAMBA ZA NYWELE ZA AKINA MAMA

Mama aliyeniandikia barua atapenda zaidi habari hii. Karibu na kituo cha gari moshi lipo hekalu kubwa liitwalo Higashi Honganji. Katika miaka 1788, 1823, 1858 na 1864 liliungua, mara nne katika muda usiofikia karne moja. Waumini hawakukata tamaa. Mwaka 1880 wakaanza kulijenga upya, na kazi ikakamilika mwaka 1895. Ukumbi wake mkuu ni mmojawapo wa majengo makubwa kabisa ya mbao duniani.

Tatizo lilikuwa boriti. Magogo yalikuwa mazito mno, hata kamba za kawaida zikawa zinakatika wakati wa kuyavuta na kuyainua, jambo lililohatarisha maisha ya wafanyakazi. Ndipo wanawake waumini, wengi wao wakiwa wakulima wasio na fedha za kutoa, walipokata nywele zao na kuzitoa. Nywele hizo zilisokotwa pamoja na katani zikawa kamba nene zenye nguvu, zaidi ya 50 kwa hesabu, na boriti zikapanda. Kamba moja ingali inahifadhiwa katika sanduku la kioo hekaluni. Ni nyeusi, nene kama mkono wa mwanamume, na imezungushwa kama nyoka aliyelala.

Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu chochote kingine mjini humo. Nyuzi nyeupe zilionekana humo pia, kwa maana wako akina bibi waliotoa mvi zao. Hayamo majina yao katika historia, ila paa limesimama.

WALIOOKOLEWA NA MOTO

Mahali pengine pasipofaa kukosa ni Sanjusangendo, jumba jembamba lenye urefu wa meta 120 hivi. Ndani yake zimesimama sanamu 1,001 za Kannon, mwenye huruma, zimepakwa dhahabu, zimepangwa safu kwa safu kama wanafunzi mstarini. Mwaka 1249 jumba la kwanza liliungua. Watu waliingia motoni wakatoa sanamu 124. Zilizosalia zilichongwa upya, na jumba lililopo likakamilika mwaka 1266. Kuanzia mwaka 1973 mafundi walizitengeneza sanamu zote, chache kila mwaka, wakamaliza mwaka 2017. Miaka 45 ya kazi! Yamkini fundi aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana alistaafu kabla haijakwisha, akamwachia mwingine patasi.

Banda la Dhahabu, liitwalo Kinkakuji, nalo lina habari ya kusikitisha. Lilijengwa na shogun Ashikaga Yoshimitsu kuanzia mwaka 1397, kama nyumba ya mapumziko kando ya ziwa dogo. Lilipona Vita vya Onin, lilipona hata vita vya dunia. Kisha tarehe 2 Julai 1950 kijana mmoja aliyekuwa akisomea utawa hapo hapo alilitia moto likateketea. Mwaka 1955 lilikuwa limesimama tena, na mwaka 1987 likamalizika kuvishwa karatasi mpya za dhahabu, nene kuliko zile za awali. Leo linang'aa juu ya maji kana kwamba halijawahi kuguswa.

Nilimwuliza yule mzee, kwa kuwa tulikwisha kuzoeana: je, hilo si jengo jipya tu linalojifanya la zamani? Hakukasirika. Alijibu kwamba mto Kamo nao una maji mapya kila siku, na hakuna auitaye mto mpya.

NDOO NYEKUNDU MLANGONI

Lakini haya yote ni mambo ya mahekalu. Kitu kilichonishika zaidi nilikiona katika vichochoro vya watu wa kawaida. Nyumba za kale za Kyoto, ziitwazo machiya, ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, hata wenyewe huziita kwa mzaha “kitanda cha mkunga”. Mbele ya nyumba nyingi, kando ya mlango, niliona ndoo nyekundu iliyojaa maji. Nilidhani ni ya kumwagilia maua. Kumbe ni ya moto. Jirani akiona cheche, hana haja ya kubisha hodi wala kutafuta bomba. Anachota na kumwaga. Na jikoni, karibu na meko, watu wengi hubandika karatasi iliyotoka mahali patakatifu pa Atago, mlimani, yenye maandishi ya kuwakumbusha wajihadhari na moto. Mpishi huiona kila anapoinua sufuria.

Serikali nayo haikulala. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliharibu michoro ya kale sana katika ukumbi wa hekalu la Horyuji, karibu na Nara. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kulinda mali za utamaduni, na tangu mwaka 1955 tarehe hiyo ni siku ya kufanya mazoezi ya kuzima moto katika mahekalu nchini kote. Watawa, wazima moto na majirani hushika mipira ya maji na kurusha maji juu ya mapaa. Hawangoji moto uje ndipo waulizane ndoo iko wapi.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, alikuwa Kyoto Februari 2005, wakati ule Mkataba wa Kyoto juu ya hali ya hewa ulipoanza kufanya kazi. Katika ziara hiyo ya Japani alijifunza neno lao “mottainai”, ambalo ni masikitiko ya mtu aonapo kitu cha thamani kikipotezwa bure, naye akalieneza duniani kote hadi alipofariki mwaka 2011. Nilipoziona zile ndoo nililielewa neno hilo vizuri zaidi.

MOTO WA KWETU

Tarehe 16 Machi 2010, usiku, makaburi ya Kasubi yaliungua. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Hapana haja ya kuwaeleza Waganda mahali hapo ni pahali gani. Kwa wasomaji wa nchi nyingine nitasema kwamba katika ile nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu-Azaala-Mpanga, wamezikwa Kabaka wanne, na kwamba tangu mwaka 2001 mahali hapo ni urithi wa dunia. Asubuhi ile mwalimu wetu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliingia darasani, akasimama mbele ya ubao, akashindwa kusema. Sisi vijana tulidhani kwamba jambo limekwisha, kwani kilichoungua kimeungua.

Haikuwa hivyo. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi. Waezekaji wa ukoo wa Ngeye, ambao jukumu la paa hilo ni lao kwa urithi, walipanda tena juu. Pete 52 za ndani ya paa, zinazowakilisha koo za Buganda, zikasukwa tena. Serikali ya Japani, kwa njia ya UNESCO, ilisaidia kwa fedha na utaalamu, hasa katika kinga ya moto. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Na Wajapani wenyewe, mwaka 2022, walianza kulijenga tena jumba kuu la Shuri.

Jambo nililojifunza ni hili. Nyumba ya nyasi au ya mbao haifi siku inapoungua. Hufa siku anapokufa mtu wa mwisho anayejua kuijenga, ikiwa hakuna aliyekaa karibu naye akijifunza.

TULIVYOAMUA

Nilirudi nyumbani Desemba 2019, na kikao kikaitishwa. Niliwaonyesha picha: yale magogo ya Kiyomizu, ile kamba nyeusi, zile ndoo nyekundu. Kaka alizitazama zote, kisha akauliza swali moja la maana: “Na watoto walale wapi msimu huu wa mvua?”

Hakuwa amekosea. Kwa hiyo tulikubaliana mambo ambayo hayakumfurahisha mtu yeyote kikamilifu, na pengine ndiyo maana yamedumu. Kaka alijenga nyumba ya bati pembeni, na watoto wakahamia humo. Jiko lilihamishwa mbali na ukingo wa paa, kwa hatua 20 nilizozihesabu mwenyewe. Nyumba ya babu ilibaki, na mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyekuwa fundi wa mwisho wa kuezeka kijijini, aliombwa aiezeke upya kwa sharti kwamba wajukuu wawili wafanye kazi naye kila siku, tangu kukata nyasi hadi kufunga kilele. Vijana walinung'unika. Mzee naye alinung'unika, akisema mikono yao ni ya kushika simu. Lakini kazi ilikwisha.

Yule mzee alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata upepo ulinyofoa sehemu ya paa, na wale vijana wawili walipanda wakaziba bila kumwita mtu. Mama alikaa chini ya mwembe akiwatazama. Hakusema kitu, ila siku hiyo aliwapikia kuku.

Basi, kwa mama aliyeniandikia na kwa wasomaji wote, nawaachia mambo manne ya kufanya katika juma hili:

1. Weka ndoo ya maji au ya mchanga karibu na jiko, na ihesabiwe na watoto kuwa ni haramu kuitumia kwa kazi nyingine.

2. Pima umbali kati ya meko na paa la nyasi lililo karibu. Ukitia shaka, hamisha meko, usihamishe shaka.

3. Fanyeni zoezi: usiku, taa zikiwa zimezimwa, kila mtoto aonyeshe mlango atakaotokea moto ukizuka.

4. Tafuta katika ukoo wako mtu mmoja anayejua kazi ambayo hakuna mwingine aijuaye, iwe ni kuezeka, kusuka mkeka, kufinyanga chungu au kuponda olubugo, kisha mpeleke kijana mmoja akae naye. Usingoje mazishi ndipo useme tumepoteza maktaba.

Ukipata nafasi ya kwenda Kyoto, nenda. Vaa viatu vyepesi kuvua, na usivunjike moyo ukikuta jengo limefunikwa. Na usipopata nafasi, ndoo unayo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia uhifadhi wa maharagwe yasibunguliwe na wadudu. Hadi hapo, nawatakieni amani majumbani mwenu.